Ufunguo Uliokwama Naboom

Mzee wa Njia alikuwa na mlango wa kabati la nguo aliouegemeza ukutani, na kwenye mlango huo alikuwa amepiga misumari tisa. Msumari wa chini kabisa ulikuwa Hammanskraal. Wa juu kabisa ulikuwa Messina, karibu na mpaka. Kati ya msumari na msumari alikuwa amechora mstari kwa lami aliyopewa na watengeneza barabara, na mstari huo ulipinda pale ambapo, kwa maneno yake, barabara yenyewe inapinda.

Ukimwendea kumuaga, alikutaka umwachie ufunguo wa chumba chako. Aliuweka mfukoni hadi utakapofika Hammanskraal na kumpigia, hata kwa kubipu tu, ndipo akautundika kwenye msumari wa kwanza. Ukipiga kutoka Pienaarsrivier, aliusogeza juu. Namna hiyo ufunguo wako ulipanda ukutani, mtaani kwetu La Rochelle, huku wewe mwenyewe ukipanda kaskazini kwa gari, na jamaa zako waliobaki Johannesburg wakitaka kujua umefika wapi hawakukusumbua wewe. Walikwenda kuutazama mlango.

Ufunguo wa mdogo wangu ulisimama kwenye msumari wa tano, Naboom, mwanzoni mwa mwaka 2015. Haukupanda tena. Kwa miaka minne nilikuwa nikienda kuutazama, na kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba yule mzee anajua mdogo wangu alipo, akiwa hai au maiti, na hasemi. Hayo ninayoyaeleza hapa juu yake niliyaona nikiwa namchunguza, kwa hiyo msomaji anisamehe kama jicho langu halikuwa jema.

Mdogo wangu nilimpakia mimi kwenye gari. Mama yetu yuko Muheza, amezeeka, na alikuwa ameomba mwanawe mmoja arudi. Alisema mmoja, hakusema yupi. Kwa kuwa mimi ni mkubwa, niliamua kwamba atakayerudi ni mdogo. Nilimfungia begi, nikamwambia, "Tangulia, mimi nakuja nyuma." Ilikuwa kombi yenye trela, watu wanane pamoja na dereva. Walipofika Naboom walisimama kununua mkate. Mdogo wangu alishuka na wenzake, akaingia dukani na wenzake, na hakutoka nao. Dereva aliniambia walimngoja saa nzima, wakapiga honi mpaka wenye duka wakatoka nje kuwatukana, kisha wakaondoka na begi lake.

Nilikwenda Naboom. Nilikwenda kwa polisi, nilikwenda hospitali, nilikwenda na mahali ambapo hata sasa sipendi kupataja. Kila mahali walinipa karatasi nijaze. Mwisho nilirudi kwa Mzee wa Njia, nikamuuliza mdogo wangu alimwambia nini kwenye simu ya mwisho.

"Naboom alinipigia," alisema. "Potgieters hakunipigia."

"Hilo naliona ukutani, mzee. Nakuuliza alisema nini."

"Nami nakujibu. Naboom alinipigia. Potgieters hakunipigia."

Nilimuuliza tena mara nyingi, kwa upole na kwa ukali. Jibu lilikuwa lilelile, kama kibao cha barabarani.

Kazi yake ilikuwa kushona maturubai. Aliishi katika gereji iliyogeuzwa chumba, nyuma ya nyumba moja yenye wapangaji wengi, na kwa kuwa magari ya kwenda kaskazini yalipakia mizigo katika mtaa ule, kila dereva alipita kwake kuziba turubai au kukaza kamba. Sindano yake ilikuwa ndefu kama kiganja. Kabla ya kufunga kamba aliinusa, sijui kwa nini. Kisha alitazama miguu ya dereva. "Dereva mwenye kandambili hamfikishi mtu," alisema, na kuna siku alikataa kumkabidhi abiria kwa dereva mmoja wa Kitanzania hadi yule bwana alipoazima viatu vya jirani. Dereva alikasirika. "Mzee, wewe ni trafiki?" "Trafiki ungempa soda mkaachana," mzee akamjibu. "Mimi nataka viatu."

Kwao wapi, sikuwahi kujua. Wapo waliosema Mdigo, wapo waliosema Mmakonde. Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu pwani, lakini kilikuwa kimekaa mbali muda mrefu, kama nguo iliyokunjwa sandukuni. Alisali msikitini Ijumaa, hakukosa. Penye hitima ya mtu yeyote, hata mtu asiyemjua, alikuwepo, akisoma juzuu yake kwa sauti ya chini na kuondoka kabla ya pilau kupakuliwa. Hilo nalo nililiweka katika mambo yangu ya kumshuku. Mtu asiyeingoja pilau ana jambo.

Mbele ya geti alikaa Mama Vitumbua, mwanamke wa Tanga mjini, na meza yake na kikaango chake. Huyu ndiye aliyenifundisha kuchunguza.

"Wewe kaka una akili kweli?" aliniambia. "Mtu anakusanya funguo za wageni, unamwita mzee wa njia. Kwetu huyo ana jina jingine."

"Hajamwibia mtu."

"Na yule bwana wa Rosettenville? Amefika Pietersburg, ufunguo uko juu ukutani, kila mpita njia anaona mwenye chumba yuko mbali. Wamebeba hadi godoro! Nambie, mwizi alisomeshwa na nani kama si ule mlango?"

Nilipomweleza mzee maneno hayo, hakukasirika. Alisema yule bwana alikuwa na maadui wake. Lakini kuanzia wiki ile aliutundikia mlango kipande cha turubai mbele, kama pazia, na ukitaka kuona ufunguo wa ndugu yako ulimwomba akufunulie. Nikajiuliza: kama hana hatia, pazia la nini?

Lililoniumiza kichwa kuliko yote ni barabara aliyowapeleka watu. Kutoka huku kwenda Pietersburg kuna mbili. Kuna ile pana ya kulipia, na kuna ya zamani, R101, inayokwenda karibu nayo kama mke mkubwa aliyeachwa ndani ya nyumba. Madereva wote wenye haraka hutumia ya kulipia. Yeye alimsomea kila mtu ya zamani. Na kuisoma hakukuisha upesi. Alishika sindano, akaigusisha msumari mmoja baada ya mwingine, na kila msumari ulikuwa na habari yake.

Zamani, alisema, barabara hii ndiyo iliyokuwa barabara yenyewe. Malori yote ya kaskazini yalipita katikati ya kila mji, mbele ya kanisa, mbele ya benki, mbele ya ofisi ya hakimu. Mji ulijua nani anapita. Warmbaths palikuwa na maji ya moto yanayotoka ardhini, Wazungu wakaoga ndani, na watu weusi wa malori hawakuruhusiwa getini; walishuka nyuma, kwenye mfereji ambako maji yale yalitoka yakiwa yameanza kupoa, wakanawa miguu. "Maji yaleyale," alisema, "ila sisi tuliyapata yakiwa yamechoka." Nylstroom waliipa jina Wazungu wa zamani waliokuwa wakitafuta Yerusalemu kwa magari ya ng'ombe. Waliona mto unatiririka kwenda kaskazini, wakasema huu ni Nile, Misri tumeshafika. "Watu wazima kabisa," alisema mzee, "wana ramani, wana vitabu, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mwenyeji." Naboom imepewa jina la mti ule wa miiba wenye matawi kama kinara cha mishumaa. Potgieters ilibadilishwa ikapewa jina la chifu aliyepigana na wale waliouandika mji kwa jina lao. Na Pietersburg sasa ni Polokwane, mahali pa usalama, ingawa yeye alisema kwamba mahali panapoitwa pa usalama ndipo pa kufunga milango ya gari.

Halafu ikajengwa ile pana, ikapita pembeni, na miji ile yote ikabaki imekaa kama watu waliovaa kumngoja mgeni aliyeghairi. Vituo vya mafuta vikafungwa. Nilipokwenda kumtafuta mdogo wangu niliyaona hayo kwa macho: barabara kuu pana kuliko haja yake, maduka yenye vibaraza virefu, na mtu mmoja amekaa kwenye ngazi akinitazama tangu nilipotokea mpaka nilipopotea.

"Sasa kwa nini unawapitisha huko?" nilimuuliza.

"Barabara mpya ukipotea hakuna anayekuona. Ya zamani inapita mbele ya madirisha."

"Mdogo wangu alipita mbele ya madirisha. Nani alimwona?"

Aliuma uzi, akaukata kwa meno.

Halafu kulikuwa na jambo la majina. Vibao vya barabarani vilikwisha kubadilishwa zamani, lakini yeye aliendelea kuiita miji kwa majina ya kale. Siku moja fundi cherehani wa Kikongo kutoka Yeoville alimjia juu mbele ya watu wote.

"Papa, juu ya nini unaandika Nylstroom? Nylstroom haiko tena! Kibao kinasema Modimolle."

"Fundi, ukibadilisha kola, shati si lilelile?"

"Shati ni lile, lakini mwenye shati alishakufa! Ndugu yangu alisoma majina yako, akasoma na vibao, akahesabu miji mara mbili. Alinipigia simu kutoka Polokwane kuniuliza Pietersburg ingali mbali!"

Watu walicheka mpaka dereva mmoja akakaa chini. Mzee naye alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa napiga hesabu yangu: mtu huyu hajaipita barabara hii tangu majina yabadilishwe. Miaka kumi na kitu. Sasa hivi vizuizi vya polisi anavyovijua, kwamba leo wapo Pienaarsrivier, leo hawapo, anavijuaje?

Mama Vitumbua alikuwa na jibu. "Hajawahi kushika usukani huyo. Alikuwa tingo. Mtu wa kuweka mawe chini ya tairi." Nilipomuuliza mwenyewe kama alikuwa dereva au tingo, alisema, "Niliipita." Alikuwa na methali yake aliyowapa wasafiri: usimuulize njia mtu aliyekaa, muulize anayetembea. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda chake tangu asubuhi, na sikuwahi kumwona akivuka robot, zile taa za barabarani za pale kona, isipokuwa kwenda msikitini.

Alikuwa na simu mbili. Ya kwanza kila mtu aliijua namba yake, na ililia mchana kutwa. Ya pili, ndogo, aliifunga kwa mpira ili betri isianguke, na hiyo ikilia alitoka nje, akaenda kusimama nyuma ya choo, akaongea kwa sauti ya chini akiwa ameelekea ukuta. Nilijaribu kusikiliza mara tatu. Mara moja nilisikia anasema, "Umekula?" Basi.

Nilimtega. Aliposimama kwenda kutawadha, nilifunua pazia nikautoa ufunguo wa mdogo wangu Naboom nikautundika Potgieters. Nilitaka nimwone uso. Nilijiambia: kama hajui kitu, atashtuka, ataniuliza mdogo wako amepiga? Alirudi maji yakimdondoka ndevuni, akatazama, akaushika ufunguo, akaurudisha Naboom. Hakuniuliza. Hakunitazama hata kunitazama.

"Umejuaje kwamba hakufika Potgieters?" nilisema.

"Kaa ule," alisema.

Akanipa ugali na maziwa ya mgando, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu wake. Mwaka ambao nilifukuzwa kazi ya ulinzi kule Sandton, nikawa nalala kwa marafiki, leo Yeoville, kesho Turffontein, sahani yangu kwake haikukosekana. Mtu huyohuyo niliyemshuku kwamba amemuuza ndugu yangu kwa majambazi, au kwa polisi, au kwa wachuna watu, ndiye aliyenilisha. Nilikula nikimshuku. Nilimaliza sahani, nikamshuku zaidi, kwa sababu mtu haoneshi wema namna hiyo bure.

Mimi si mtu wa kukaa mahali. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kumaliza miaka miwili katika chumba kimoja, na kila mji nilioupita niliutia chumvi nilipokuwa mbali nao. Muheza niliiota zaidi kuliko yote, na Muheza ndiyo nisiyokwenda. Miaka ile minne nilisema sirudi kwa sababu ya ufunguo ule. Nitarudije bila mdogo wangu? Nitamwambia nini mama? Lilikuwa jibu zuri, na kila aliyenisikia alinihurumia.

Mwaka 2019 mama alichoka. Alinipigia akasema wajomba wamekaa, wamezungumza, wamesema imetosha. Shehe aliwaomba wasubiri kidogo, lakini mama alisema anataka kumsomea mwanawe hitima kabla naye hajafa, maana nani atakumbuka kumsomea? "Nawe usome hukohuko," alisema. "Ijumaa." Nikamjibu, "Sawa, mama." Nilipolitamka hilo sawa nilijua kwamba nimemzika mdogo wangu, na nilihisi, Mungu anisamehe, kama mtu aliyetua mzigo.

Alhamisi mchana nilikwenda kumwalika Mzee wa Njia. Alikuwa amekunjua turubai la lori zima sakafuni, amepiga magoti juu yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Kesho baada ya sala tunamsomea mdogo wangu. Mama anasoma Muheza, sisi tunasoma kwangu. Nimekuja kukualika."

Alipitisha sindano, akavuta uzi hadi ukaisha.

"Siji."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Wewe hukosi hitima. Unawasomea hata watu usiowajua."

"Hiyo siji."

"Kwa nini?"

"Na wewe usisome. Mwambie na mama asisome."

Nilimshika shati. Mzee wa miaka ile, na mimi nilimshika shati. Nilimwambia kwamba anakataa kusoma kwa sababu anajua alichomfanya maiti. Nilipiga kelele mpaka Mama Vitumbua akasimama getini na kijiko chake cha kugeuzia.

"Mwambie!" alipaza sauti. "Miaka minne mtu anaumia, wewe unashona tu! Mwambie ulikomtupa!"

"Mama, vitumbua vyako vinaungua," mzee akasema bila kugeuka.

Alinishika mikono, akaitoa polepole kwenye shati lake. Akaniambia nikae, na safari hii nikakaa, juu ya turubai. Akanieleza kwamba kweli alikuwa tingo, na kweli hakuwahi kushika usukani. Walikuwa wakishuka na kupanda na lori moja, yeye na dereva, miaka mingi. Siku moja Nylstroom waligombania kopo la samaki. Dereva alikuwa amelifungua bila kumwita. Yeye akashuka kwa hasira, akaukalia ukuta wa kituo cha mafuta, akasema sipandi tena mpaka uniombe radhi. Dereva hakumwomba. Aliondoa lori. Siku mbili baadaye lori lilipinduka mbali huko kaskazini, likaungua, na kwao ikapelekwa habari kwamba waliokuwamo wote wamekwisha.

"Kupiga simu nyumbani niliona aibu," alisema. "Niseme nini? Kwamba nimepona kwa ajili ya samaki? Nikasema nipate kwanza kazi, nipate cha kutuma, ndipo nipige. Mwaka ukapita. Siku niliyopiga, nilipiga duka la jirani, wakamwita mke wangu. Nikasema, ni mimi. Akapiga ukelele mmoja, simu ikaanguka. Akaichukua mtu mwingine, mwanamume, simjui hata leo. Hakunisalimu. Alinisomea Ayatul Kursi, kama anayefukuza jini, akairudia, akairudia, mpaka sarafu zangu zikaisha."

"Walikuwa wameshakusomea?"

"Walikuwa wameshanisomea na wameshakula. Mke alikaa eda, ikaisha, akaolewa. Nirudi niwe nani? Nami huenda kwenye hitima za watu kwa sababu siku yangu sikuwepo." Alifuta sindano kwa kidole. "Mtu akishasomewa akiwa hai, njia ya nyuma yake imefungwa. Hiyo siiruhusu ifanyike mbele yangu. Nilimpa mdogo wako neno langu nisiseme, na neno nimelishika mpaka leo. Leo nalivunja."

Nikamuuliza kama mdogo wangu yuko hai.

"Naboom alinipigia," alisema. "Alisema, mzee, mimi mwisho wangu hapa. Kuna lori la shamba la machungwa linakwenda upande wa Roedtan, wananipa kazi. Usimwambie kaka. Nikamuuliza, ufunguo niuondoe? Akasema uache, kaka akiona haupo atauliza."

Alichukua ile simu yenye mpira, akabonyeza, akaweka sauti kubwa. Iliita mara nyingi.

"Shikamoo, mzee. Mbona leo? Kuna nini?"

Ilikuwa sauti yake. Imekuwa nzito kidogo, lakini yake. Nyuma yake kulikuwa na ngurumo ya trekta na watu wakiitana kwa lugha ya huko.

"Marahaba. Kuna neno."

"Kaka yupo hapo bado?"

"Yupo."

"Hajarudi tu nyumbani?"

"Hajarudi."

Mdogo wangu akacheka, kicheko kifupi. "Eish, yule. Basi usimwambie kitu. Akijua nilipo atakuja anipakie tena, niende kumkalia mama badala yake."

Mzee alinitazama kwa mara ya kwanza bila kukwepa. Nilichukua simu mkononi mwake.

"Mama anakusomea hitima kesho," nilisema.

"Kaka?"

"Mchele umenunuliwa. Wajomba wote wamealikwa."

Akasema, polepole, kama mtu anayekubali bei, "Basi mwacheni asome."

Mzee alinipokonya simu. Sijawahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku ile, na hata Mama Vitumbua aliacha kikaango akaja mlangoni. "Wee! Usilitamke hilo! Unajua unachokiomba? Mimi ninakijua! Utazeeka unashona maturubai ya watu, na hakuna mtu duniani anayekungoja hata ukikosea njia!" Akahema. "Unasikia?"

"Nasikia, mzee." Alikuwa analia. "Basi nimpigie mama mwenyewe. Nitamwambia nini?"

"Usipige wewe. Mimi nilipiga mwenyewe. Apige kaka yako, mtu ambaye hawajamzika."

Nikampigia mama kwa simu yangu, palepale sakafuni. Aliipokea mwanamke mwingine, akasema subiri, mama yuko uani, wanachagua mchele. Nilisikia nyungo zikipeta na wanawake wakizungumza kwa sauti ya msiba. Nilikuwa nimeyapanga maswali ambayo angeniuliza, yale ambayo ningeuliza mimi: umeambiwa na nani, una hakika ni yeye, isije ikawa watu wanakuchezea, kwa nini miaka yote hii hakusema. Nilikuwa nayatafutia majibu na sikuyapata.

"Mama," nilisema, "mdogo wangu yupo. Nimezungumza naye sasa hivi."

Hakuniuliza hata swali moja. Aliiweka simu mkekani bila kuikata, na nikasikia ndara zake zikikimbia, mwanamke wa miaka themanini, kisha sauti yake, kubwa kuliko nilivyoikumbuka, ikiwafukuza watu uani kwake.

"Nyanyukeni! Nyanyukeni nyote! Wekeni ungo chini, nendeni kwenu! Nani kawaambia mje? Hapa hakuna aliyekufa!"